Unga kwenye Sweta la Mayu

Mimi sishangazwi na kitu. Nimeteremka kwenye duara, shimo la machimbo lenye giza kuliko tumbo la ng'ombe, kabla sijaota ndevu. Nimelala juu ya viroba vya mawe kwenye lori lisilo na breki, tukishuka mlima huku dereva anasali kwa sauti. Nimeona mtu akiamka maskini, jioni akanunua bia za baa nzima, na wiki haijaisha akaja kuniomba nauli. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini leo fika Katoro uulize mwenye malori ya bluu, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha geti langu. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza kudondoka, nilishangazwa na nguo ya kazi ya mama mwenye mtoto mchanga, msidhani nawatania. Nguo, jamani. Tena niliinunua mwenyewe.

Ila siwezi kuwaeleza hilo bila kurudi nyuma, kwa sababu jibu lilikuwa nyuma, na mimi nililipita kila asubuhi nikienda shule bila kuliona.

Enzi zetu hizo, wenzangu mnaokaribia mvi kama mimi mnazijua. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa pamba upande wa Mhunze. Pamba ilipogoma misimu miwili mfululizo, baba akasikia habari za dhahabu huku Geita, tukafunga godoro moja, sufuria mbili na jogoo, tukahamia machimboni. Baba akaingia kuchimba. Mama, ambaye sisi watoto tulimwita mayu kama Wasukuma wote, akapata kazi ya kuchekecha. Mawe yalikuwa yanasagwa kwenye karasha, ile mashine inayoguguna mwamba mpaka unakuwa unga, halafu akina mama wanauchekecha unga huo, ule laini unakwenda kuoshwa ili dhahabu ibaki. Kutwa nzima mama yuko kwenye vumbi. Akirudi, nyusi zake ni nyeupe kama za bibi wa miaka mia.

Na sisi tulikuwa na raha zetu! Asubuhi unapewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, unakula huku unatembea, shati la shule lina kifungo kimoja na kaptula ina viraka viwili nyuma vya mviringo, ukiinama darasani wenzako wanasema wamewashiwa televisheni. Mchana kombolela, jioni magari ya mabua ya mtama yenye matairi ya ndala zilizokufa. Mvua ya kwanza ikinyesha tunatoka wote nje tunakinga midomo, na harufu ile ya udongo uliolowa inakuja mpaka unatamani kuulamba, na wengine tuliulamba. Siku hizi wajukuu zetu mvua ikianza wanaipiga picha. Ukiwaambia watoke wakaloweshwe wanauliza kama kuna mtandao huko nje.

Kitu kimoja nilichozaliwa nacho ni kutaka kujua. Redio ya jirani niliifungua nione wanaoongea wamekaa wapi, nikachapwa. Kuku anayetaga nilikaa naye mpaka akaaibika. Basi na mavazi ya mayu nayo niliyachunguza, maana alivaa kama anayejenga nyumba, kitu juu ya kitu, na kila kimoja nilitaka kujua kipo kwa nini.

Kwanza alivaa kaptula ya baba iliyokatwa, ili akipanda juu ya viroba asione haya. Juu yake shimizi. Juu ya shimizi gauni la kitenge lenye vifungo kuanzia shingoni mpaka kitovuni, kwa ajili ya mdogo wetu Shija aliyekuwa ananyonya bado. Kiunoni kanga iliyokazwa sawasawa, ikishikilia mgongo akibeba ndoo. Kanga ya pili ni ya kumbebea Shija, na mchana ni mkeka wake, na mvua ikija ni mwavuli wa wote wawili. Chini ya gauni alishona mfuko wa kitambaa cha gunia la sukari, humo mna kisu kidogo, kipande cha sabuni na ufunguo wa kufuli letu. Kichwani kilemba. Miguuni katambuga za tairi, kwa sababu msimu ule wa mvua za kwanza ardhi haina akili: alfajiri baridi, saa sita vumbi, jioni tope la kunasa kiatu. Mayu alitoka nyumbani amevalia hali zote tatu kwa mpigo.

Mpaka hapo nilimwelewa. Nisichomwelewa kilikuwa unga.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kwenye mitumba iliyomwagwa chini sokoni. Mayu akipenda nguo haangalii rangi wala haipimi mabegani kama wanawake wengine. Anaipangusa kwa kiganja, halafu anaingiza vidole kwenye pindo la kanga, anatoa unga wa mahindi kidogo, anaunyunyizia nguo. Anaishika mabegani, anaikung'uta mara moja tu, kama mtu anayemwita mtu wa mbali. Anaitazama kwenye jua. Unga ukidondoka wote, anaanza kuulizia bei. Ukibaki weupe hata kidogo, anairudisha.

"Hii siyo ya kazi," anasema.

Muuza mitumba alikuwa anachanganyikiwa. "Mama Nkwimba, leo tena? Umekuja kununua gauni au kupika chapati?"

"Na wewe umeleta gauni au blanketi?"

Watu wanacheka, mimi natamani ardhi inimeze. Dada yangu Nkwimba, aliyekuwa mkubwa na mwenye majibu ya kila kitu, aliniambia ni dawa, mayu anaangalia kama nguo ya mzungu aliyekufa imebaki na mwenyewe ndani. Niliamini muda mrefu. Mpaka leo shati la mitumba nalivaa kwanza mchana.

Halafu likaja sweta. Baba alipata kidogo kwenye duara, akamletea mke wake sweta la manyoya, jekundu kama nyanya iliyoiva, laini kiasi kwamba Shija alipoliwekea shavu alilala hapo hapo. Mayu alilikumbatia. Mbele yetu wote akatoa unga wake, akanyunyiza, akakung'uta. Sweta likabaki jeupe kama limekandiwa mkate. Akacheka sana, akamshukuru baba, akasema atalivaa.

Na alilivaa kweli, lakini sikilizeni alivyolivaa. Tunatoka nyumbani alfajiri, baridi inauma masikio, mayu yuko ndani ya sweta lake anang'aa. Tunaongozana mpaka kwenye ua wa minyaa, ambapo njia ya shule inaachana na njia ya karasha. Pale palikuwa na bibi muuza uji. Mayu anamsalimia, anamkabidhi Nkwimba mtoto, anavua sweta. Analikunja vizuri, analitia kwenye mfuko wa plastiki, anamwachia bibi wa uji. Halafu anambeba Shija, anakata kona mikono wazi, vinyweleo vimesimama kama mbuzi aliyenyeshewa. Jioni analipitia, analivaa, anarudi nyumbani nalo.

Kila siku! Tulijadili mimi na Nkwimba mpaka tukachelewa namba shuleni. Nkwimba alisema bibi wa uji ndiye analivaa mchana, wameungana. Mimi nilisema mayu anaogopa kuibiwa. Tukamchungulia bibi. Hakulivaa, alilikalia. Siku moja nikashindwa, nikauliza.

"Mayu, mbona unavua sweta na baridi yote hii?"

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "mdomo wako una maswali kuliko mkaguzi. Kimbia shule."

"Lakini unatetemeka."

"Kutetemeka hakusemwi na mtu. Nenda."

Nilikwenda. Mwaka uliofuata nikaacha shule nikaanza kukimbiza maisha, na swali lile likabaki pale kwenye minyaa.

Sasa twende mbele. Binti yangu wa kwanza anaitwa Kabula. Huyo nimemsomesha mpaka akachoka yeye. Ana cheti, anazungumza na kompyuta, na ni msimamizi wa akina mama wanaochekecha kwenye karasha la mzee mwenzangu, Luhende, si mbali na hapa. Ningeweza kumweka ofisini kwangu anywe chai, lakini akasema anataka kazi yake mwenyewe. Amerithi kwangu. Mwaka huu alijifungua mtoto wa kiume, Masanja, na likizo ikaisha pale pale mvua zinapoanza. Akaja nyumbani kunung'unika.

"Baba, sina cha kuvaa kazini."

"Kabati lako halifungi kwa nguo!"

"Za kazini, baba. Blauzi nikifungua nimnyonyeshe, wachimbaji wote wanageuka kama alizeti. Gauni refu likinasa kwenye mkanda wa mashine ndiyo kwaheri. Ovaroli waliyotupa usiseme: Masanja analia, mimi niko nusu uchi natafuta mkono uko wapi. Asubuhi baridi, mchana joto. Nikikosa nguo nitaacha kazi, sioni njia nyingine."

"Niachie mimi."

Mke wangu akatoa kichwa jikoni. "Wewe unajua nini kuhusu nguo za mwanamke anayenyonyesha?"

"Nimelelewa na mama aliyefanya kazi karashani."

"Kulelewa siyo kuvaa, Baba Kabula."

Nilikuwa na safari ya Mwanza kufuata vipuri, nikaingia kwenye duka lenye vioo, lile ambalo mlinzi anakutazama viatu kwanza. Nikamweleza binti wa dukani shida yote kwa ufasaha. Akaniletea koti. Jamani, koti! La rangi ya kahawia, linafika magotini, manyoya yake laini kama kifaranga cha jana. Mbele lina zipu ya kushuka mpaka tumboni, mama anafungua anavyotaka na ubavu unabaki umefunikwa. Lina mifuko ya kutosha duka, mipasuo ya kukanyagia ngazi, na kofia inayofunguliwa kwa zipu yake peke yake. Nikaligeuza nje ndani, nikalivuta mishono, nikaona mwenyewe kwamba watu wa nchi za baridi wana akili. Nikalilipia bila kuomba punguzo ili mlinzi aone.

Kabula alilipenda. Alipiga picha, akanikumbatia kama alipokuwa mdogo. Akaenda nalo kazini siku ile, na iliyofuata, na wiki nzima. Kila niliyekutana naye nikamwambia: tatizo la akina mama wafanyakazi limekwisha, lilikuwa linasubiri mwanaume mmoja afikiri.

Siku ya nane Luhende akapiga simu.

"Baba Kabula, njoo karashani. Sasa hivi. Na uje mpole."

Nilikuta mashine zimezimwa. Karasha likinyamaza mchana, jua kuna msiba au kuna wizi. Kabula alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, koti mwilini, Masanja kalala miguuni pake juu ya ile kofia ya manyoya. Hakuwa analia. Ingekuwa analia ningejua la kufanya. Mbele yake walisimama wachimbaji wa duara moja, mkubwa wao kijana mwenye shingo nene anaitwa Doto.

"Shikamoo mzee," akasema Doto, uso umefungwa.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mawe yetu tunayajua. Duara ni lile lile, mshipa ule ule. Wiki iliyopita kiroba kilitoa vizuri, wiki hii kinapungua. Tunajiuliza dhahabu inapitia wapi."

"Muulize mwamba."

"Tutaliuliza koti, mzee. Hebu litazame kwenye jua."

Nikalitazama. Binti yangu alisogea kidogo juani, na mabegani, kwenye mikono, kifuani, manyoya yale yakameta. Yalimeta kama mtu aliyetoka kwenye harusi ya kumwagiwa vile vikaratasi.

Luhende akanivuta pembeni. Ni mtu mwema, alikuwa anaumia. "Mzee mwenzangu, hawa wakiondoka na wengine wote wataondoka. Mawe siyo yangu, ni ya wateja, mimi nauza uaminifu tu. Ama koti lioshwe hapa mbele ya watu, ama binti aende nyumbani leo na jina hilo."

Na ninyi mnaoishi huku mnajua jina hilo. Mwanamke akiitwa mwizi wa karashani, kuanzia hapa mpaka Bukombe hakuna atakayempa chekeche. Hata akisema anauza maandazi watu watachungulia ndani ya maandazi.

Mimi damu ikapanda. "Osheni!" nikasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Osheni mbele ya wote! Mkikosa kitu, mtaniomba radhi mmoja mmoja mkiwa mmepiga magoti. Binti yangu aibe nini? Mtoto wangu mimi?"

"Baba," Kabula akasema polepole, "punguza sauti, Masanja amelala."

Akavua koti, akampa Doto. Doto akalitumbukiza kwenye karai, akatia sabuni, akalifikicha kama anafua sare ya mtoto. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Akalikamua, akalitundika kwenye mbao ya kuoshea, halafu akaanza kuzungusha karai, anamwaga kidogo, anazungusha, anamwaga kidogo. Mchanga ukapungua, ukapungua, mpaka ukabaki mweusi mwembamba. Akalitikisa karai mara ya mwisho. Na pale chini ukatokea mstari wa njano, mwembamba kama kucha ya mtoto iliyokatwa.

Mtu nyuma akaguna. Mwingine akasema, "Si mnaona." Kabula alinitazama mimi, siyo karai. Macho yake yalikuwa yananiuliza kitu.

Nikageuza uso nisimwone. Ndipo macho yakatua kwenye ile mbao ya kuoshea. Mbao ile imeinamishwa, imetandikwa mablanketi ya manyoya ili maji ya unga wa mawe yakipita, dhahabu inaswe. Nimetandika mablanketi hayo ujana wangu wote. Nimefundisha watu kuyatandika. Na sasa juu yake limetundikwa koti langu la Mwanza, blanketi na koti, bega kwa bega, manyoya kwa manyoya, huwezi kusema lipi limezaa lingine.

Nilisikia harufu ya uji wa yule bibi, nikaona minyaa ya njia ya shule. Nikasema, "Leteni unga."

"Unga gani?" Luhende akauliza.

"Wa ugali! Kwa mama lishe pale. Haraka."

"Mzee kapagawa," mmoja wa wachimbaji akanong'ona. "Ameona dhahabu akasikia njaa."

Unga ukaletwa kwenye bakuli. Nikamwinua Masanja, nikampa mama yake, nikaokota ile kofia kavu ya koti. Nikanyunyiza unga. Nikaishika kwa vidole viwili, nikaikung'uta mara moja kama mtu anayemwita mtu wa mbali. Nikaionyesha kila upande. Nyeupe pee! Kisha nikamwomba mama mmoja mtu mzima, mchekechaji wa siku nyingi anayeitwa Mama Milembe, aninyooshee pindo la kitenge chake. Nikanyunyiza, akakikung'uta mwenyewe. Unga wote chini, kitenge safi kama kimetoka dukani.

"Doto," nikasema, "wewe una blanketi kwenye mbao yako. Blanketi ni mwizi?"

Doto akatazama kofia, akatazama mbao, akatazama koti. Halafu mdomo ukaanza kumcheza.

"Mwizi tumempata," akasema. "Ana mikono, ila hana vidole."

Kicheko kikalipuka. Ningekuwa mtu mwenye busara ningeishia hapo. Lakini nikamgeukia Mama Milembe, kwa sababu ugonjwa wangu wa kuuliza haujapona.

"Haya mlikuwa mnayajua?"

"Baba Kabula, haya tunayajua tangu wasichana. Sisi hata taulo la mtoto haliingii humu. Sweta tunaliacha getini."

"Sasa mbona hamkumwambia mtoto wangu?"

"Tulimwambia siku ya kwanza." Akajifuta machozi ya kucheka. "Akatuambia koti kanunua baba yake, na baba yake hakuna asichokijua kuhusu dhahabu."

Wote wakanigeukia. Wachimbaji, akina mama, Luhende, mpaka Masanja aliamka akanitazama. Sasa mtu kama mimi, aliyebanwa hivyo, hufanya nini? Hufungua mdomo. Nikatangaza kwamba akina mama wote wa karasha lile, bila kumbagua mtu, watashonewa nguo mpya za kazi, na ninalipa mimi.

"Umesikika," akasema Mama Milembe, kabla sijafunga mdomo.

Wale vijana wa Doto walichukua dhahabu yao, nikawapa na mbuzi wa kusawazisha mambo. Koti likabaki na Luhende, analitandika kwenye mbao, anasema linanasa kuliko mablanketi yake yote. Kabula akarudi kwenye zamu yake siku ile ile, jina lake safi.

Mimi nikakaa juu ya kiroba nikauliza, safari hii kwa adabu, maswali yote ambayo sikumaliza kumuuliza mayu. Wakanifundisha. Kitambaa ni kitenge chepesi kilichofuliwa mara mbili kwanza kitoke gundi. Vifungo mbele, lakini viwe chini ya utepe, visikusanye vumbi. Mfuko uwe ndani ya gauni, mdomo wake ukitazama chini ya kanga, maana mfuko wa nje unajaa unga wa mawe na unajaa maneno ya watu. Mikono iishie kwenye kiwiko. Chini kaptula ya kitambaa hicho hicho. Upana wa kutosha kuchuchumaa, siyo wa kunaswa na mkanda wa mashine. Mama mmoja kijana akasema anataka na kola, kwa ajili ya kujisikia tu. Nikasema iwekwe kola. Fundi cherehani aliandika yote huku akinitazama kama mtu aliyehamia kazi nyingine.

Sokoni tulikwenda na Kabula. Mwenye duka la vitenge akatushushia jora, nami nikaingiza vidole kwenye mfuko wa shati nikatoa unga.

"Mzee! Unanunua vitenge au unapika chapati?"

Kabula akacheka. Mimi ilibidi nitoke nje kidogo, nikasema nakwenda kuangalia lori.

Mayu amelala Mhunze, kwenye udongo wa kwao, siwezi kumuuliza tena. Ila nimejibiwa. Asubuhi ya kwanza ya nguo mpya nilimsindikiza Kabula mwenyewe. Kulikuwa na ubaridi ule ule wa alfajiri baada ya mvua, akawa amejitupia juu sweta lake la zamani. Nikasimamisha gari mbali kidogo na geti. Pale nje kuna binti anauza uji na chapati, simu sikioni, muziki unalia. Kabula akamsalimia, akavua sweta, akalikunja, akamwachia. Akambeba Masanja vizuri mgongoni, akaingia ndani mikono wazi. Kutoka kwenye gari niliona vinyweleo vyake vimesimama, na nilijua kwamba hakuna mtu ndani ya geti lile atakayekuwa na neno la kusema juu yake.

Siku hizi mtoto akitaka kujua kitu anaiuliza simu, inamjibu kabla hajamaliza kuuliza, na jioni amesahau. Sisi jibu lilitufuata miaka arobaini likatukuta tukiwa na vitambi. Sijui ni ipi bora. Najua tu kwamba watoto wetu wana majaketi ya kila namna, na sisi tulikuwa na mama aliyekubali kutetemeka. Alinionyesha bure, kila Jumapili, kwa unga wa kushika na vidole viwili. Mimi kuuelewa unga ule, ukijumlisha koti, mbuzi, vitenge, fundi na zile kola, kumenigharimu shilingi milioni moja, laki moja na arobaini na sita elfu na mia tano.